Chupa Moja, Hakuna Slipu

Kwa miaka minne Pascasie alilipwa kuwapapasa wanawake wenzake. Si jambo la kutamka ukiulizwa kanisani unafanya kazi gani. Yeye alisema tu, "Niko sekyuriti," na watu wakafikiria lango, filimbi na koti zito la bluu. Lango hakuwa nalo. Alikuwa na chumba kisicho na dirisha kando ya mlango wa nyuma wa supamaketi moja kule Midrand, nje ya Johannesburg, chenye meza, kiti, daftari na taa nyeupe isiyozimwa. Kila mfanyakazi wa kike aliyemaliza zamu alipita mikononi mwake kabla ya kutoka: makeshia, wa bucha, wa mikate, wa usafi. Pascasie alifungua mfuko, akapitisha viganja mabegani, makwapani, kiunoni, kisha akaomba viatu vivuliwe. Wanaume walipekuliwa chumba cha pili na mlinzi mwenzake.

Alizaliwa Rumonge, Burundi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo hata anayesali kwa Kirundi hununua samaki kwa Kiswahili. Johannesburg alifika mwaka 2010 na mumewe, Juvénal, na binti yao Kelly aliyekuwa bado anajifunza kutembea. Walipanga chumba cha uani katika mtaa wa Observatory, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyoko kilimani, ambayo mwenye nyumba ameikatakata mpaka ikabeba familia sita. Juvénal alikuwa mpakiaji katika ghala. Mwanzoni mwa 2018 mgongo ulimshinda, akawa anashinda nyumbani amelala sakafuni kwa sababu godoro lilimzidishia maumivu. Kuanzia hapo kilichowalisha ni chumba kile kisicho na dirisha.

Kitu kimoja alichokipenda kazini ni kisanduku cha ukutani. Mfanyakazi anayetoka alibonyeza kitufe. Taa ikiwaka ya kijani alikwenda zake, ikiwaka nyekundu aliingia kwa Pascasie. Mashine ilichagua yenyewe, haikujua nani ni rafiki wa nani. Hakuna aliyeweza kusema anaonewa. "Kile kisanduku kilinibebea lawama," aliniambia.

Ni taa nyekundu iliyomletea Célestine. Msichana huyo alikuwa ameajiriwa wiki ile ile kupanga bidhaa kwenye rafu, na alipoambiwa avue viatu alinung'unika kwa Kiswahili, akidhani yuko peke yake na lugha yake, "Yesu wangu, na vile vinanuka."

"Vya wenzako vinanuka zaidi," Pascasie akamjibu.

Célestine aliinua macho, kisha wote wawili wakacheka mpaka mlinzi wa chumba cha pili akagonga ukuta. Msichana alikuwa mtu wa Uvira, upande wa Kongo wa ziwa lile lile. Siku zilizofuata wakawa wanakula pamoja mchana, wameketi juu ya kreti za mkate uani, wakigawana ndagala, wale dagaa wa ziwani, alizonunua mmoja wao soko la Yeoville. Célestine alimwita yaya, kama watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa, na Jumapili nyingine alikwenda kuwatembelea nyumbani.

Januari 2018 Célestine alijifungua mtoto wa kiume, Elisée. Baba wa mtoto alikuwa Durban, akihangaika na vibarua vya bandarini, na simu zake zilikuja mara moja moja. Mwezi wa tano Célestine akarudi kazini, mtoto akabaki kwa jirani yake wa Yeoville, Mtanzania aitwaye Zubeda, aliyelea watoto wanne au watano kwa siku. Tatizo lilikuwa moja. Elisée alikataa maziwa ya kopo. Kila alipopewa aliyatapika, tumbo likajaa, akalia mpaka sauti ikakauka. Hivyo Célestine alijifungia chooni saa ya chakula, akajikamua, maziwa akayatia katika chupa, akaivisha chupa soksi na kuitumbukiza chini ya sweta lake.

Pascasie aliiona chupa ile mara nyingi taa nyekundu ilipowaka. Aliigusa kupitia soksi, ikiwa bado na uvuguvugu, akairudisha mahali pake. Daftarini hakuandika kitu. Daftari lilikuwa la mali ya duka.

Sasa, tangu mwezi wa nne wa mwaka huo, mali ya duka ilikuwa na shida. Walipohesabu bidhaa, makopo sitini na mawili ya maziwa ya watoto hayakuonekana. Kompyuta ilisema yapo, rafu ikasema hayapo. Kopo la maziwa ya watoto ni kitu kinachopendwa na wezi: ni dogo, ni ghali, na spaza yoyote, kiduka cha mtaani, italinunua bila kuuliza lilikotoka. Ofisi kuu ilituma barua, meneja wa zamani akahamishwa, akaletwa Refilwe Motaung.

Refilwe alikuwa mwanamke wa kitongoji cha Tembisa, wa miaka thelathini na kitu, aliyeanza kazi kama keshia na kupanda ngazi moja moja. Hakuwa mtu wa kelele. Alivisha makopo vifaa vya kupiga king'ora, akayahamishia karibu na dawati la huduma ambapo kila mtu anayaona, akaweka kamera juu yake. Julai wakahesabu tena. Yalikosekana mengine arobaini na manane.

Wafanyakazi wakaitwa stoo asubuhi kabla duka halijafunguliwa.

"Mteja hawezi kupita pale bila kuonekana," Refilwe aliwaambia. "Kwa hiyo ni sisi. Kuna mtu kati yetu anakula kazi za wenzake wote."

Siku hiyo hiyo kisanduku kilizimwa. Kuanzia hapo alipekuliwa kila mtu, kila siku, na kwa wanawake amri ilikuwa kushika mpaka chini ya sidiria. Siku ya tatu Refilwe alimfuata Pascasie chumbani, akafunga mlango, akafungua daftari. Kurasa zilikuwa karibu tupu: lipustiki moja, pakiti ya biskuti, betri.

"Miaka minne," alisema kwa upole, "na hiki ndicho ulichopata?"

"Hawabebi kitu, Mam."

"Mpekuzi asiyepata kitu ni mmoja kati ya wawili, Pascasie. Ama hajui kazi, ama anakula nao. Kampuni yenu ya ulinzi nimeshaiambia nataka matokeo mwezi huu."

Usiku Pascasie hakumwambia Juvénal. Alihesabu kichwani kazi anazoweza kupata mwanamke mwenye karatasi ya ukimbizi inayoisha kila baada ya miezi sita, akaona hazifiki mbili.

Alhamisi ya mwisho ya Julai, saa kumi alasiri, zamu ya mchana ilikuwa inatoka. Refilwe alikuwa amesimama ndani ya chumba cha ukaguzi pamoja na bwana mmoja wa ofisi kuu, mtu wa kitengo cha upotevu wa mali, aliyekuja kuona jinsi upekuzi unavyofanyika. Wanawake saba walipita. Wa nane alikuwa Célestine.

Pascasie alianza na mabega kama kawaida. Alipofika kifuani viganja vyake vilikuta blauzi imelowa, miviringo miwili ya unyevunyevu, moto. Kisha akafungua mfuko. Angeweza kupitisha mkono juu juu, lakini macho manne yalikuwa mkononi mwake. Akatoa sweta, akatoa soksi. Yule bwana akainyakua soksi na kuivuta, chupa ikabaki uchi chini ya taa nyeupe, maziwa yamefika nusu.

"Hii ni nini?" Refilwe aliuliza.

Kiingereza cha Célestine, ambacho siku zote kilimtosha kwa wateja, kilimkimbia. Akamgeukia Pascasie.

"Yaya, mwambie. Ni ya mtoto. Wewe si unajua?"

"Anasema nini?"

"Anasema ni maziwa ya mtoto," Pascasie akajibu kwa Kiingereza.

Na maneno hayo hayo mawili ya Kiingereza, baby milk, yalikuwa yameandikwa kwenye kibao juu ya rafu yenye makopo yanayopotea. Pascasie aliyasikia yakitoka mdomoni mwake na akajua yameangukia wapi. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kuongeza. Maziwa yake. Ya kifua chake. Anasema alikuwa na muda wa kulisema, wala si muda mfupi, kwa sababu Refilwe alinyamaza kwanza, akaitazama chupa, akamtazama Célestine.

"Ulishawahi kumwona na chupa hii?" Refilwe aliuliza tena.

Kama angesema ndiyo, swali lililofuata lingekuwa kwa nini hakuiandika.

"Hapana, Mam."

Célestine alilielewa neno hilo. Aliangalia mikono ya Pascasie ikivuta daftari na kuandika tarehe, saa, jina, kisha: chupa moja, maziwa ya mtoto, hakuna slipu. Slipu ni risiti ya malipo.

Wiki mbili baadaye walikaa kusikiliza shauri lake katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Msikilizaji alikuwa meneja aliyeletwa kutoka tawi jingine. Célestine alisema, mkono ukiwa kifuani, kwamba maziwa yalitoka kwake. Yule meneja aliinamia karatasi, akauliza chupa iko wapi ipimwe. Chupa haikuwapo tena. Walikuwa wameiweka kwenye friji ya ofisi ikaanza kunuka, msafishaji akaitupa. Basi likabaki neno la Célestine na neno la shahidi.

Pascasie aliulizwa maswali matatu. Je, ulikuta chupa? Je, huu ni mwandiko wako? Je, uliwahi kuiona kabla ya siku hiyo? Alijibu ndiyo, ndiyo, hapana. Alipofungua mdomo kutaka kuendelea aliambiwa, "Inatosha, asante," naye akashukuru kwa kuzuiwa.

Célestine akafukuzwa. Alivua fulana ya duka palepale, akavaa sweta lake, akapita mlango wa nyuma. Hata siku hiyo sheria ilitaka apekuliwe. Pascasie alimgusa mabega kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

"Pole, mdogo wangu," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Maliza," Célestine akajibu. "Niko nachelewa."

Ilimchukua Pascasie siku kadhaa kukubali kilichomtokea. Mwanzoni alijipa sababu: pengine kweli msichana yule alikuwa na mkono mrefu, nani anajua, mtoto ni mtoto na kopo ni kopo. Aliitafuta kumbukumbu yoyote ya kumtia shaka. Hakuipata. Alichokipata ni ule unyevu wa blauzi kwenye viganja vyake, akawa ananawa mikono mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mchana alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa. Wanawake wengine walioingia kupekuliwa walinyoosha mikono juu na kutazama ukuta. Hakuna aliyemsalimia tena kwa jina.

Refilwe alimwandikia barua ya pongezi. Kampuni ya ulinzi ikaibandika ubaoni.

Novemba ofisi kuu iliagiza hesabu kamili ya duka zima, rafu hadi rafu, na ikamleta mtu wake, Damien, mwanaume mwembamba wa miaka hamsini hivi aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Sheria ilitaka mlinzi asimame na wahesabuji kwenye rafu za bidhaa zinazoibwa sana. Pascasie akapangiwa makopo ya maziwa.

Damien alihesabu, akatazama kijimashine chake, akahesabu tena. Kisha akapiga magoti na kuanza kuvuta makopo ya nyuma kabisa, yale yaliyosukumwa ukutani na kusahauliwa. Akatoa moja lenye vumbi, akaliweka sakafuni kando ya jingine jipya.

"Sisi, njoo," alimwita Pascasie, kama watu wa pale wanavyomwita dada. "Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Nisomee namba zilizo chini ya ile mistari myeusi. Hili kwanza."

Pascasie akasoma.

"Na hili."

Akasoma. Namba za mwisho hazikufanana.

"Eish," Damien alisema, akakaa chini kabisa na miguu yake mirefu. "Kiwanda kilibadilisha kopo mwezi wa pili. Rangi ile ile, picha ile ile ya dubu, uzito umepungua kidogo, namba mpya. Lakini pale nyuma mnapopokea mzigo, bado wanaingiza katoni kwa namba ya zamani. Keshia anauza kwa namba mpya. Kompyuta inadhani kuna maziwa ya aina mbili. Ya aina moja yanapotea kila mwezi, ya aina nyingine yanazidi kila mwezi."

"Yanazidi?"

"Kwa idadi ile ile, karibu. Iko kwenye karatasi ya pili." Alifunua kurasa alizobeba, akamwonyesha. "Watu wanasoma karatasi ya vilivyopungua. Ya vilivyozidi haina anayeisoma, nani atatafuta mwizi wa kitu kilichozidi?"

Pascasie alitazama makopo mawili sakafuni. Aliuliza polepole, ili Kiingereza chake kisimwangushe mara ya pili.

"Kwa hiyo, nani aliiba?"

"Hakuna mtu," Damien alisema. Alikuwa mchangamfu, kazi yake ilikuwa imempa jibu. "Labda kopo moja, mawili. Haya mengine hayakutoka dukani bila kulipiwa, dada. Ni namba tu."

Pascasie aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Alisimama ndani ya kile kile chumba alimokuwa akijifungia Célestine. Alipotoka alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Refilwe. Damien alikuwa amekwisha kumweleza; karatasi zote mbili zilikuwa mezani.

"Mam, na yule dada? Célestine?"

Refilwe alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa mara moja.

"Yule hakufukuzwa kwa makopo, Pascasie. Alifukuzwa kwa chupa."

Ilikuwa kweli. Karatasi ya shauri haikutaja makopo sitini na mawili wala arobaini na manane. Ilitaja chupa moja, na aliyeiandika chupa hiyo hakuwa Refilwe.

Jioni ile Pascasie alimweleza Juvénal kila kitu, tangu uvuguvugu wa soksi mpaka namba za mwisho. Juvénal alisikiliza akiwa chali sakafuni, macho kwenye dari.

"Miezi minne umelala ubavuni kwangu na jambo hili," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa unataka kufanya nini?"

"Nataka kwenda kusema."

"Ukisema watakutoa. Tutakula nini?"

Juvénal hakusubiri jibu. Aligeukia ukuta. Wiki nzima hakuzungumza naye ila kwa neno la lazima.

Jumapili, baada ya ibada, Pascasie alikwenda kwa Zubeda, Yeoville, akaelekezwa Hillbrow. Alimkuta Célestine chini ya mwavuli wa bluu kando ya jengo refu, anamsuka mteja nywele. Elisée alikuwa amelala juu ya khanga nyuma ya kiti, miguu imekunjwa. Amekonda kidogo, Pascasie aliona, ingawa hakujua kama alikuwa na haki ya kuona.

Célestine alimtambua na vidole vyake havikusimama. Mteja alikuwa Mzulu aliyeangalia simu yake, hakuelewa walichosema.

"Wamegundua makopo," Pascasie alianza, amesimama. "Hakuna aliyeiba. Ilikuwa namba za kompyuta."

"Vizuri kwao."

"Célestine, mimi nilijua ile chupa ni yako."

"Na mimi nilijua unajua."

"Nilisema hapana."

"Nilisikia. Neno hilo la Kiingereza nalijua." Alivuta rasta mpya, akaigawa mara tatu. "Maziwa yalikauka mwezi wa tisa. Mawazo, njaa, sijui. Sasa anakunywa uji. Unataka nini, Mama Kelly?"

Hakumwita yaya. Pascasie alieleza. Kulikuwa na ofisi ya serikali ya kusuluhisha mambo ya kazi, mtu aliyefukuzwa bila haki hupeleka malalamiko huko ndani ya siku thelathini. Siku zilikuwa zimepita zaidi ya mia moja, lakini Damien, alipoulizwa kwa siri, alisema mtu anaweza kuomba asamehewe kuchelewa ikiwa ushahidi mpya umejitokeza. Ushahidi mpya ungekuwa yeye.

"Ukisema watakutoa," Célestine alisema.

"Najua."

"Wakikutoa, usije hapa kuniambia."

"Sitakuja."

Célestine alisuka mpaka mwisho wa msuko ule, akauchoma ncha kwa kiberiti. "Lete fomu," alisema.

Shauri lilisikilizwa Februari 2019, asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu na jagi la maji. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu. Upande wa duka alikuja Refilwe na kijana wa ofisi kuu mwenye faili. Célestine alikuja na mtoto, kwa sababu siku hiyo Zubeda alikuwa na homa. Kulikuwa na mkalimani wa Kiswahili, lakini Pascasie aliomba aseme kwa Kiingereza mwenyewe. Hakutaka neno lake lipite kwa mtu mwingine.

"Chupa ile nilikuwa nimeiona mara nyingi kabla," alisema. "Pengine mara kumi. Ilikuwa maziwa ya matiti yake. Siku ile blauzi yake ilikuwa imelowa na mimi niliigusa. Meneja aliniuliza kama nimewahi kuiona. Nikasema hapana. Ulikuwa uongo."

"Kwa nini ulisema uongo?" msuluhishi aliuliza.

"Niliogopa kazi."

"Na kwenye shauri la dukani, uliurudia?"

"Niliurudia."

Msuluhishi aliandika kwa muda mrefu. Kijana wa faili akamnong'oneza Refilwe, Refilwe akaangalia mikono yake. Wakaomba dakika kumi na tano nje, na waliporudi walikuwa tayari kusuluhishana: hukumu ya wizi ifutwe, barua iandikwe, alipwe mishahara ya miezi kadhaa, na akitaka arudi kazini tawi lile lile.

"Nirudi kupapaswa na nani?" Célestine aliuliza kwa Kiswahili. Mkalimani akasita, kisha akatafsiri vile vile. Kazi hakuitaka. Alichukua barua, akaisoma yote, akamwomba mkalimani amsomee mstari mmoja mara ya pili, ule uliosema hakuiba.

Ukumbini, wakati wanasubiri nakala, Elisée alianza kulia. Célestine alikuwa na mfuko begani, karatasi mkononi, kalamu mdomoni. Pascasie alinyoosha mikono kumsaidia kumshika mtoto. Célestine alimhamisha mtoto kwenye nyonga ya upande wa pili, mbali na mikono ile, akaendelea kutia sahihi akiwa ameegemea ukuta.

Refilwe alitoka nyuma yao. Alisimama mbele ya Pascasie.

"Ungeniambia siku ile ningekusikia," alisema. "Mimi nina watoto wawili. Nilinyonyesha nikiwa keshia."

Pascasie hajui mpaka leo kama ni kweli. Siku nyingine anaamini kwamba Refilwe angesikia, na siku hizo ndizo mbaya zaidi. Siku nyingine anakumbuka blauzi iliyolowa chini ya taa nyeupe, mbele ya watu watatu wenye macho, na anajiuliza kama meneja naye hakuona alichotaka kutokiona.

Kampuni ya ulinzi haikumfukuza. Ilimpa onyo la mwisho kwa kuandika taarifa za uongo, ikamtoa dukani wiki ile ile, ikampeleka kwenye maghala, huko huko Midrand, karibu na barabara kuu. Mwanzoni walitaka awapekue wanawake wa kufungasha. Aliomba, kwa maandishi, awekwe lango la nje, na kwa kuwa lango la nje halipendwi na mtu, hawakubishana naye. Anafungua buti za magari na kuangalia chini ya malori kwa kioo chenye mpini mrefu. Zamu ni ya saa kumi na mbili mfululizo. Mwezi wa sita upepo wa pale unapita katikati ya koti kama halipo, na yeye amekwisha kupata kikohozi ambacho hakiishi.

Juvénal alianza kusimama tena mwezi wa nne. Anashona viatu mbele ya nyumba, akiwa ameketi kwenye kiti kilichowekewa ubao mgongoni. Wanazungumza kama zamani, ila jambo lile hawalitaji. Kelly aliwahi kumuuliza mama yake, kwa Kiingereza, kwa nini anti Célestine haji tena. Pascasie alimwambia, "Nilimkosea." Mtoto akauliza kama aliomba msamaha, naye akatambua kwamba neno lenyewe hakuwahi kulitamka, si Hillbrow, si kwenye ile meza ndefu. Alikuwa ameukiri uongo wake tu, mbele ya watu, na kuuacha pale.

Mwezi wa saba alikwenda kwa Zubeda kuomba namba ya simu ya Célestine. Zubeda alikuwa anawalisha watoto, kijiko kimoja, vinywa vitatu.

"Amehamia Durban kwa baba yake Elisée," alisema. "Mtoto anatembea sasa. Namba ninayo, bibiye, lakini lazima nimuulize mwenyewe kwanza."

"Muulize."

Pascasie alingoja wiki ile, na ile iliyofuata. Alipokutana na Zubeda sokoni mwezi wa nane, Zubeda alimsalimia vizuri, akamuulizia hali ya mgongo wa mzee, akamuulizia kikohozi, namba ya simu hakuitaja, kisha akasema ana haraka. Pascasie hakumuuliza tena.